Nani Kawaambia Wazee Wamechoka?

"Mzee wetu, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kazi yako ni moja tu: kukaa." Maneno hayo yalimtoka mshereheshaji wa hafla moja ya kumuaga mstaafu jijini Dar es Salaam, na ukumbi mzima ukaitikia kwa makofi na vigelegele. Kisha zawadi ikaingizwa, imebebwa na vijana wanne wanaohema: kochi la ngozi, lile ambalo ukivuta kishikio cha pembeni linainua miguu juu na kukulaza chali kama mgonjwa wa meno. Mgeni rasmi akapewa kipaza sauti, naye akaongeza la kwake. Mzee asibughudhiwe tena, akasema. Ale pensheni yake, asubiri wajukuu wamletee maji ya kunawa. Makofi tena.

Mzee mwenyewe ana miaka 60. Anatembea wima. Wiki iliyotangulia alikuwa anapanda ngazi za ofisi hadi ghorofa ya nne kila asubuhi, kwa kuwa lifti ya jengo lile iliharibika zamani na hakuna anayehangaika nayo. (Lifti nitaiandikia siku yake.) Mtu mzima wa afya Ijumaa, Jumamosi tumemlaza kwenye kochi, na sisi tuliolilipia kwa michango ya kundi la WhatsApp tukarudi nyumbani tumejiona watu wa huruma sana.

Nimechoka na neno hili "apumzike". Limeota mizizi kila mahali. Mama akishika ufagio, apumzike. Baba akitaka kwenda kwa miguu hadi msikitini, apumzike, aitiwe bajaji. Bibi akiomba jembe, watoto wanaangaliana kana kwamba kaomba bunduki. Tumeamini, wasomi na wasio wasomi, kwamba uzee ni ugonjwa na dawa yake ni kukaa. Mimi nasema kukaa ndio ugonjwa wenyewe.

Sikuliota hili. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana 5 wa kiume wenye umri wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani kwa wiki 3. Walipoinuliwa na kupimwa, uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni wakati wa kazi nzito ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Vijana wa miaka 20! Miaka 30 ikapita. Watafiti wakawatafuta wale wale 5, sasa wanaume wa makamo wenye vitambi, mafuta ya mwilini yamekuwa mara mbili ya yale ya ujanani. Wakapimwa upya. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya kuishi, ya ndoa, madeni na kazi za kukaa kwenye viti, iliwapunguzia nguvu kidogo kuliko zile wiki 3 za kitandani. Kisha wakapewa mazoezi ya kawaida kwa miezi 6, kutembea, kukimbia polepole, kuendesha baiskeli, na uwezo ule walioupoteza kwa miaka 30 ukarudi.

Wiki 3 za kitanda zilishinda miaka 30 ya umri. Ningekuwa na madaraka, ningeamuru kila fundi anayetengeneza makochi ya wastaafu aishonee sentensi hiyo kwenye mto wa kichwa.

Shangazi yangu hajawahi kuisikia Dallas, lakini yeye aliyaona hayo mwilini mwake. Aliishi Lushoto, kwenye mteremko ambao sisi wa mjini tukiupanda tunatafuta mti wa kushika. Alilima karoti na kabichi, akashuka na furushi gulioni Soni, akapanda tena jioni na chumvi na mafuta ya taa. Alikuwa amepita 70 na hakuna aliyekuwa anahesabu, yeye akiwa wa kwanza kutohesabu. Kisha binamu zangu wakafanikiwa. Wakajenga nyumba kubwa Goba, Dar es Salaam, ina sebule mbili, na wakaamua mama aje apumzike.

Nilikuwa naenda kumsalimia. Mwanzoni nilimkuta amesimama dirishani, anaangalia uani kunavyoota majani bila mtu wa kuyang'oa. Akigusa sufuria, "Mama acha, dada atapika." Akitaka kufua kanga yake, "Mama acha, kuna mashine." Akitoka getini, mlinzi anampigia simu bosi wake. Basi akakaa. Akakalia sofa lile la kisasa lililo chini chini, ambalo ukizama hutoki, akaangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, analetewa chai yenye sukari nyingi na maandazi kila alipofumbua macho. Miguu ikaanza kuvimba. Presha ikapanda. Siku moja nikaingia, nikasema, "Shikamoo shangazi." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Hebu nishike mkono niinuke."

Mwanamke aliyekuwa anapanda mlima na furushi kichwani.

Binamu zangu walipoambiwa, waliitikia kwa sentensi inayoniudhi kuliko zote katika Kiswahili cha siku hizi: "Ndiyo uzee huo." Hapana. Uzee alikuja nao kutoka Lushoto, alikuwa nao kule mlimani, na ulikuwa haumzuii kitu. Huu ulikuwa ulemavu alioutengenezewa sebuleni, kwa gharama kubwa, na watoto wanaompenda.

Tusidanganyane pia kuhusu huruma. Nilikuwepo siku uamuzi wa kumhamisha ulipofanyika, na hakuna aliyetaja magoti ya mama wala mgongo wake. Kilichotajwa ni majirani. Kwamba watu wa Lushoto wameanza kusema: wana magari, wana majumba, na mama yao bado anachimba karoti. Hapo ndipo penye kidonda. Katika nchi hii jembe mkononi mwa mama mwenye mvi linasomwa kama tangazo kwamba watoto wake ni wabaya. Kwa hiyo tunamnyang'anya, tunamkalisha mahali ambapo wageni watamuona, ametulia, amevaa kitenge kipya, miguu imewekwa juu ya stuli. Mzee anageuka kuwa cheti cha mafanikio yetu. Cheti hakitembei.

Sasa kuna wanaonipinga, na nimewasikiliza kadiri uvumilivu wangu unavyoruhusu. Jamaa mmoja msomi, mwenye shahada mbili, aliniambia kwamba wazee wakiendelea kujishughulisha watawaziba vijana nafasi za ajira. Nilimuuliza: bibi anayepalilia mchicha wake nyuma ya nyumba amemzibia nafasi kijana gani? Kuna barua ya maombi ya kazi ilikataliwa kwa sababu babu kaokota embe? Hakunijibu. Mwingine akaniambia anamfahamu mzee aliyekuwa anafanya mazoezi kila siku akaanguka akafa barabarani. Ninampa pole. Lakini ukienda wodi yoyote utakuta watu wamefia kitandani, na sijamsikia yule jamaa akitangaza kwamba vitanda ni hatari, tulale nje.

Huu woga wa kuchosha mifupa ya wazee una majibu yake. Mwaka 1990, huko Boston, watafiti waliingia kwenye nyumba ya kulelea wazee, wakawachukua wazee 10 wenye umri kati ya miaka 86 na 96. Hao ni watu ambao hapa kwetu hata kuwasalimia kwa sauti kubwa tungeogopa. Wakawanyanyulisha uzito kwa miguu, kwa wiki 8, uzito wa kweli, sio chupa za maji. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha fimbo zao. Umri wa miaka 90, msuli bado unafundishika! Lakini sisi wa 60 tunamkabidhi kochi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halina mahali liliposema mtu akifika 65 aketi. Linasema yale yale ya watu wazima wengine: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za kutosha kumpandisha mtu pumzi, na kazi za kuimarisha misuli angalau siku 2. Kisha, kwa wenye miaka 65 na zaidi, linaongeza mazoezi ya kujenga mizani ya mwili siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Linaongeza, halipunguzi. Na shughuli zenyewe shangazi alikuwa nazo bila kocha: mlima, ndoo, jembe, furushi. Tulimtoa kwenye gimu ya bure tukamuweka kwenye sofa la mkopo.

Wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, nawaomba waangalie historia yetu wenyewe. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63. Kwa hesabu za mshereheshaji wetu alikuwa amechelewa miaka 3 kukalia kochi. Alikwenda Butiama kulima. Akaongoza Tume ya Nchi za Kusini. Akachapisha Injili kwa utenzi. Alipokuwa na miaka zaidi ya 70 akabeba mzigo wa kuwapatanisha Warundi, na alikuwa bado ameubeba alipofariki London, Oktoba 14, 1999, akiwa na miaka 77. Na nani alikabidhiwa mzigo huo baada yake? Kijana? Alikabidhiwa Nelson Mandela, mwenye miaka 81, aliyekwisha kumaliza urais wake na kifungo cha miaka 27. Agosti 2000 makubaliano yakatiwa saini Arusha. Laiti familia ya Mandela ingekuwa na binamu zangu, Warundi wangeambiwa mzee analala, njooni kesho.

Rais mstaafu Mzee Ali Hassan Mwinyi naye, aliyetutoka Februari 2024 akiwa na miaka 98, alijulikana na kila mtu kwa kupenda mazoezi. Na Bi Kidude? Mwanamke huyu wa Unguja, ambaye hakuna aliyekuwa na uhakika wa umri wake, alikuwa anajifunga ngoma kiunoni, anapiga na kuimba, katika umri ambao wenzake walishazikwa au walishakalishwa. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX, akaipokea kama mtu mwenye ratiba. Najua alivuta sigara. Msiniandikie kuhusu sigara.

Ajabu ni kwamba tunajua vizuri sana kuwaacha wazee wafanye kazi pale kazi inapokuwa na king'ora na msafara wa magari. Paul Biya wa Kamerun aliingia Ikulu mwaka 1982, amevuka miaka 90, na hakuna mshereheshaji aliyekwenda kumkabidhi kochi. Wabunge wetu wenye mvi nao kila uchaguzi wanatuambia bado wana nguvu, ng'ombe hazeeki maini. Anayetakiwa kupumzika ni mama wa karoti peke yake.

Lakini mwili ni nusu tu ya ninachokilalamikia. Nusu ya pili inaniuma zaidi, nayo ni mkono. Tukishamkalisha mzee tunamgeuza kuwa mpokeaji, wa kuletewa na kununuliwa, hata wa kuamuliwa. Kwenye michango ya ukoo, akitoa noti yake ya elfu tano iliyofungwa kwenye pindo la kanga, tunamrudishia: "Mama acha, sisi tutatoa." Tunadhani tumemheshimu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mkono mtupu haulambwi, na sisi tunaikamua mikono ya wazazi wetu mpaka inakuwa mitupu, halafu tunashangaa wajukuu wanapita sebuleni wakiangalia simu bila hata shikamoo. Mtoto anamzunguka bibi anayetoa: anayemkatia muwa, anayemfundisha kusuka ukili, anayemtuma na kumpa chenji abaki nayo. Bibi anayekaa tu, mtoto anamuona kama sehemu ya fanicha. Na hapo mtoto hajakosea, amefuata maelezo yetu.

Watu wa Kagera wananielewa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo, na katika miaka iliyofuata kaya nyingi zilibaki na ncha mbili bila katikati: wajukuu na bibi. Wazazi walikuwa makaburini nyuma ya migomba. Nani aliwalea watoto wale? Bibi waliorudi shambani wakiwa na miaka 65, 70, wakalima maharage kati ya migomba, wakauza kahawa, wakanunua daftari. Hakuna mshereheshaji aliyekwenda kuwaambia wakae. Nchi nzima iliwategemea wanawake wale, na leo vizazi vilivyolelewa na mikono hiyo ndivyo vinavyotangaza kwamba mkono wa bibi hauna kazi.

Zanzibar mwaka 2016 walianza pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Jambo jema, na ningependa lifike kila wilaya ya Bara. Lakini anayefikiri fedha ile iliishia mfukoni mwa mzee, huyo hajawahi kuwa na bibi. Ilikwenda kwenye sare za shule na dawa ya kikohozi ya mjukuu wa jirani. Ndivyo walivyo wakiachwa.

Na tusiseme mzee hawezi kuanza jambo jipya. Kimani Maruge, kule Eldoret, alipoona Kenya imefuta ada ya shule za msingi, alikwenda kuandikishwa darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na kaptula na soksi. Walimcheka. Mwaka uliofuata alikuwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akizungumzia elimu. Nairobi, mtaa wa Korogocho, bibi wamejifunza kurusha ngumi na mateke ili wajilinde dhidi ya wanaowavamia. Hapa Dar es Salaam tuna klabu za jogingi kila mtaa, fulana za rangi, filimbi, nyimbo, halafu nyama choma na bia hadi saa 8 mchana, kiasi kwamba sijui mbio zilikuwa za nini. Sijawahi kumuona mmoja wao amekuja na mama yake.

Hata kama mama huyo angekuja, angetembea wapi? Njia za waenda kwa miguu, pale zilipo, zimeegeshwa bodaboda, zimepangwa viatu vya mitumba, na pasipo na bodaboda pana mtaro usio na mfuniko. Kijana ataruka. Mwenye miaka 75 atavunja nyonga, na binamu zangu watasema, si tulimwambia apumzike? Hospitalini tumebandika bango zuri la kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Nilimpeleka shangazi katika hospitali moja, bango lipo, dirisha lipo, mhudumu hayupo, na wazee wamepangwa kwenye benchi wakisubiri kupewa kipaumbele. Alipomuona daktari hatimaye, kijana mpole kabisa, aliandikiwa dawa za presha na kuambiwa, bibi, upumzike.

Shangazi alirudi Lushoto. Hakurudishwa, alirudi: alifunga nguo zake kwenye shuka, akamwambia dereva wa basi atalipwa na mwanawe, na mwanawe akalipa. Hakupona kimiujiza. Magoti yanamuuma, mteremko anaupanda kwa kusimama mara kwa mara, na dawa za presha anameza. Lakini anainuka mwenyewe. Ana karoti zake, ana kikundi cha akina mama wanaochangiana kila juma, naye ndiye mtunza fedha kwa kuwa hakopeshi kwa maneno matamu. Nilipompigia simu mara ya mwisho alinikatiza: "Mwanangu, nina watu hapa wanadaiwa."

Karibu na ninapoishi kuna shule ya sekondari ya kata ambayo haina mwalimu wa fizikia. Hatua chache kutoka getini anaishi mwalimu wa fizikia aliyestaafu, ana kichwa kilekile na chaki bado anaijua upande wa kushika. Kila asubuhi anatolewa nje kuota jua. Nilimuuliza, "Mwalimu, kwa nini usiende hata vipindi viwili kwa wiki?" Akasema hajaombwa, na watoto wake wamemkataza kujichosha. Nikaenda kwa mkuu wa shule. Amelipenda wazo. Ameniambia niliandike kwa barua, nakala tatu, atalipeleka kwenye bodi, na bodi ikiafiki watamwalika mwalimu kwenye mahafali awe mgeni wa heshima.